Kona ya Thelathini na Moja

Kwetu hakuna jina.
Juu ni Matamba, baridi na viazi mviringo,
chini ni Chimala, mpunga na mbu,
na sisi ni "pale magari yanapopoza breki".
Kona ya thelathini, au thelathini na moja,
inategemea aliyehesabu alikuwa amelewa au anaogopa.

Karani wa sensa alikuja na kishikwambi,
akauliza: mko mlimani au bondeni?
Shangazi Ezinala alikuwa anapura maharage.
Akasema, andika uliposimama.
Karani akatazama miguu yake:
mmoja juu, mmoja chini,
soksi zimejaa mbegu za kishonanguo.

Hapa kila mmea umefika kwa kukosea njia.
Mianzi iliteremka kufuata kijito,
ikasita, ikabaki inagongana usiku kucha
kama vyombo vinavyooshwa baada ya msiba.
Mikusu ilipanda kutoka Usangu, ikachoka,
ikaa papo hapo, mifupi, magome meusi;
matunda yake huanguka barabarani
yakapondwa na maroli,
kona nzima ikanuka pombe hadi Desemba.
Na kuna kichaka nisichokijua kwa Kiswahili,
ua lake kubwa kama kibaba, jeupe, limejaa mende.
Shangazi hukitaja kwa Kiwanji
nami najifanya sijasikia vizuri
ili alirudie lile jina.

Na myombo!
Septemba, mvua haijatajwa hata redioni,
ardhi ngumu kama deni,
myombo hutoa majani mekundu,
mekundu ya shaba, ya upanga wa jogoo,
ya sweta mpya ya shule,
halafu baada ya wiki mbili hujuta
yakawa kijani kama ya wengine.
Maji huyapata wapi, sijui.
Nadhani hukopa.

Asubuhi ukisimama ukingoni
ukungu unakuwa chini yako,
Usangu yote imefunikwa kama uji unaopoa,
ng'ombe unawasikia bila kuwaona.
Geuka: mlima nao umejitanda shuka.
Kilichobaki duniani ni kipande hiki,
nyasi, mawe, kibanda cha ndizi, mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoanza kuchimba chikanda.
Mnunuzi alitoka Tunduma, na mizani ya ndoano.
Debe moja lilikuwa madaftari, na sabuni, na nauli.
Tulianzia juu, kwenye nyasi fupi za baridi,
mpaka zambarau ikaisha mlimani.
Tukashuka.
Kwenye mteremko wetu maua yalikuwa machache,
yamejibanza chini ya myombo,
madogo, ya rangi ya ute wa yai,
harufu yake hutoka usiku tu.

Nilijifunza hivi: vuta taratibu,
chini kuna viazi viwili.
Kimoja kimesinyaa, cheusi: ndicho kilicholea ua la leo.
Kingine kimenona, cheupe: ua la mwakani.
Mnunuzi hakutaka kilichosinyaa.
Tulikitupa.
Debe, na debe, na debe la mwakani.

Sikuacha kwa sababu ya wema.
Niliacha kwa sababu yaliisha,
na mnunuzi akahamishia mizani yake Sumbawanga.

Juzi, mvua ya kwanza,
nilishuka kuchota maji nikaliona moja,
kando ya barabara, upande wa korongo,
mahali ambapo jembe halifiki bila mtu kuanguka.
Limejishikiza kwenye udongo unaomomonyoka,
si la mlimani, si la bondeni.
Roli lilipopita likatikisika lote,
likatulia.

Sikuligusa.
Nilitaka kumwambia mtu,
nikakumbuka watu, nikakumbuka bei.
Nikajaza ndoo.
Jioni nilimwambia Shangazi, kwa Kiwanji,
jina lake lile la zamani,
nikalikosea,
naye akanisahihisha
mara mbili.