Masalio ya Rangi

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, umefifia kwa kutolewa nakala:
kodi tarehe tano, maji Jumanne na Ijumaa,
na chini kabisa, kwa kalamu, kama jambo lililokumbukwa mlangoni:
USIPIGILIE MSUMARI.

Miaka miwili tukaishi hivyo, Huruma, ghorofa ya tano,
katika chumba cheupe, weupe usio wa maziwa wala wa chokaa,
weupe wa mtu aliyepewa habari mbaya.
"Hapa," Wakesho alisema, "ni kama tunangoja kuitwa na daktari."
Nikacheka. Mimi, fundi wa rangi,
ninayezipaka kuta za wengine toka Lavington hadi Runda,
narudi jioni nywele zina madoadoa ya nyumba za watu
na ukuta wangu hauna hata doa.

Ndipo nilipoanza kubeba masalio.
Si wizi. Kopo likibaki kidole kimoja, mwenye nyumba husema "tupa,"
na mimi kutupa sijui.

Dukani rangi hizi zina majina marefu ya ng'ambo.
Kwetu zilibatizwa upya.
Ya jikoni kwa wakili: Ulimi wa Ndama.
Ya maktaba ya yule ambaye vitabu vyake bado vimo kwenye maboksi:
Sukuma Iliyochelewa Kuepuliwa.
Na hii, manjano hafifu,
ya chumba cha mtoto ambaye hatimaye hakuzaliwa,
hatukuipa jina.
Tuliipaka karibu na mto wa Mghanga.
Hulala kiganja chake kikiigusa.

Hakuna kopo lililotosha ukuta mzima,
basi ukuta wetu ni viraka,
kama ovaroli, kama deni linalolipwa mia mia.

Wakesho naye akachachamaa na sindano yake ya kufumia:
kitambaa cha redio, kitambaa cha chupa ya chai,
cha kochi, cha mkono wa kochi,
hata mtungi wa gesi ukavishwa sketi.
Nikamwambia gesi haisikii baridi.
"Nawe husikii la mtu. Inua miguu, nipime stuli."

Pazia tulilinunua Gikomba. Lilikuwa shuka la hoteli,
pembeni bado lina herufi mbili za mwenyewe.
Huku ni sebuleni, kule ni chumbani,
na Mghanga, akitaka kupita, husimama mbele ya kitambaa
na kupiga hodi.

Jumapili akaja Muasya, msimamizi wa ploti,
na daftari, na tochi mchana kweupe.
Akamulika ukuta kiraka kwa kiraka.
Akatafuta misumari: hakuna.
Picha zetu zote zimeshikwa kwa uji wa ngano.
Akauomba mkataba, akausoma mara mbili, midomo ikitembea.
Rangi haikutajwa.
"Lakini mtakatwa dipoziti mkihama."
"Tukihama," Wakesho akasema, akimmiminia chai.

Akakaa. Hakuegemea, asije akakunja kitambaa.
Alipofika nusu ya kikombe akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua,
ile ya pale, karibu na dirisha,
ile kama chungu kinachotolewa motoni,
je, imebaki?

Ilibaki kidole.
Nikampa na brashi, ile iliyonyonyoka upande.

Jana usiku nilichelewa kurudi. Stima zilikuwa zimepotea,
ngazi nilizipanda kwa kupapasa,
lakini chini, kwenye kile chumba chake kilichobanwa na mita za maji,
mlango ulikuwa wazi na mshumaa unawaka.
Nikaona mraba wa rangi ya chungu,
si mkubwa kuliko sinia, kingo zimepinda.
Na katikati ya mraba, msumari.
Kwenye msumari, kofia yake.

Tukasalimiana.
Msumari hakuna aliyeutaja.