Kituo cha Kumi na Nne

Alfajiri, Marpi, kaskazini ya Saipan.
Gari nimelizima. Rufina ameshatangulia kwenye umande.
Kalamu ninayo mimi, masikio anayo yeye.

Dakika kumi kila kituo,
husogei, hukohoi;
ukimsikia ndege wa matete, andika moja.
Nimeandika hivyo miaka ishirini na saba.

Vichaka hivi ni vya lusina.
Baada ya vita, wazee husimulia,
ndege ya jeshi ilipita ikimwaga mbegu
juu ya ardhi iliyoungua hadi mawe.
Akaja ndege mwingine, huyu wa manyoya,
mdomo mrefu, tumbo la njano iliyochujuka,
akahamia humo bila kuuliza kodi.

Lamberto, mwenye shamba la bondeni,
ana ramani ya vyumba sita vya wageni.
"Mdudu wa gramu thelathini," aliniambia,
"amenifunga mikono mimi na watoto watano."
Kisha akanimiminia kahawa.
Niliinywa. Jibu sikuwa nalo.

Mama yangu alizaliwa Guam.
Kule bwawa lilinyamaza yeye akiwa hai,
na hakuna aliyemletea tanzia.

Mwaka juzi fomu zangu zilianza kukonda:
nane, tano, tatu.
Ofisini wakakuna vichwa. Paka? Katapila?
Au nyoka amepenya bandarini, mbwa wakampita?
Mimi nilikwenda kwa daktari.
Akanichorea mstari unaoporomoka kama jabali la Laderan:
"Sauti nyembamba zimeshakuhama, mzee."

Basi nani aliyetangulia kuondoka?

Ndiyo maana namwamsha mjukuu kabla ya shule.
Akisikia, anainua kidole.
Leo, vituo kumi na vitatu: vidole viwili.

Kituo cha kumi na nne. Dakika ya nane.
Kimya, sijui ni changu au ni cha kichaka.
Rufina hatazami kichaka.
Ananitazama mimi, kiatu changu kilichofumuka,
fomu inayolowa mkononi,
halafu, polepole,
kidole.

Fomu ina safu ya upepo, ya mvua, ya mawingu.
Safu ya mtoto anayempenda babu yake haina.

"Wapi?" namuuliza kwa midomo tu.
Anaonyesha huko, kijani chote.

Narudisha kalamu mfukoni.
Naandika moja
kwa penseli.