Kiti cha Dirishani

Ninaanza na kikohozi.
Si changu. Ni cha Gocha, mwimbaji wa sauti nzito
aliyeimba harusini Kutaisi hadi alfajiri
akadhani koo limekwaruzwa na divai.
Vipele vilipomtoka nyuma ya masikio
alikuwa keshapita viwanja vitatu vya ndege,
keshanunua chokoleti, kesharudishiwa chenji,
keshapiga miayo kwenye foleni ya pasipoti.
Surua haina miguu. Huazima.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
naye alikuja, kuimba tu.
Sasa amelazwa chumba cha peke yake
na humwomba radhi kila muuguzi aingiaye.

Kazi yangu ni kurudi nyuma.
Hapa Reykjavik, ghorofa ya pili, juu ya duka la sufu,
theluji ya Aprili haijui ianguke au iache,
nami ninafumua safari za watu
kuanzia mwisho.

Warshawa, ukumbi wa kusubiri: dakika sabini.
Hewa aliyoivuta Gocha ilibaki pale baada yake.
Wakaipokea refa wa mpira wa mikono aendaye Oporto,
wanafunzi wawili wa Halifax waliolalia mabegi,
na Kunegunda, mfagiaji,
ambaye hakuwa akienda popote.
Refa yu kitandani. Halifax wamejibu usiku: mmoja.
Kunegunda hapokei simu.

Halafu ndege. Gocha, 14A.
Kanuni ni safu mbili mbele, mbili nyuma.
Simu ishirini na tisa.
Umechanjwa? Una homa? Macho yanawasha?
Mmoja alinitukana. Mmoja alikuwa anaoa siku ile.
Mzee wa 16F alitaka mtu wa kuongea naye,
akanisimulia jiko la marehemu mkewe,
mlango wake usiofunga.
Wote wazima.

Kisha wakaniita kutoka hospitali ya Akureyri.
Ylfa, miezi saba, mdogo mno kwa chanjo,
homa arobaini, kifua kinakoroma.
Mama yake, Hallfríður, tiketi 27D.
Safu kumi na tatu kutoka kwenye kikohozi!
Nikapima ramani ya viti kwa rula, kama mjinga.
Ulikwenda msalani? Hapana, mtoto alikuwa amelala.
Alilala wapi?
Dirishani.

27D haina dirisha.

Nikampigia 13A mara ya pili.
Bogumił Sroka, mchomelea vyuma, sauti ya mtu aliyesimama.
“Juzi hukuniuliza nilikaa wapi,” akasema.
“Uliniuliza jina.”
Alimwona mama kasimama njiani, mtoto analia,
akainuka. Akawabebea hata begi.
“Watoto hupenda mawingu,” akasema, akacheka.
Alitenda wema akaenda zake,
safu ya ishirini na saba, karibu na choo.

Maabara ilikuwa imeshasema:
kirusi cha Ylfa na cha Gocha
vimeandikwa kwa mkono mmoja, herufi kwa herufi.
Kilichobaki kilikuwa njia, na sasa ninayo.
Wiki nzima nimeitamani.
Iko mezani, kama kikombe
ambacho mtu mwingine amekinywea.

“Yule mtoto,” Bogumił akauliza, “hajambo?”

Kuna maswali huzaliwa
yakiwa yamebeba majibu yake mgongoni.

“Hajambo,” nikasema.
Akashukuru. Nikasikia mashine yake ikiwashwa tena,
cheche, na mtu akimwita kwa jina.
Nikaandika kwenye fomu: 13A na 27D, walibadilishana.
Sababu: nafasi ya sababu haikuwapo.

Nikapiga tena Warshawa.
Ikalia. Ikalia.
Saa ya ukutani kwangu iko nyuma kwa dakika sita,
hakuna anayeirekebisha.
Kisha mtu akapokea, upande ule,
na kabla hajataja jina lake
akakohoa.