Kisanduku cha Maelezo

Sikusomea msimbo. Nilisomea uhasibu,
mwaka mmoja na nusu, ada ikanishinda.
Programu hii niliijenga kwa kuburuta visanduku kwa kidole,
jikoni kwangu, Tacuarembó, Julai,
barafu imeganda kwenye kioo cha gari la jirani
na maji ya mate yananipoea birikani.

Kisanduku cha kwanza: jina la shule.
Kisha wanafunzi waliohudhuria, sahani zilizopakuliwa,
kilo za mchele, za dengu, za nyama kama ipo.
Cha mwisho nilikiongeza kwa adabu tu:
Maelezo. Mwenye neno aandike.

Kazi iliyoninyima usingizi ilikuwa ya pili.
Kila Jumatatu Bwana Techera husimama mbele ya kamati
na slaidi kumi na mbili,
na kila Jumapili nilikuwa mimi,
nakili, bandika, nakili, bandika,
hadi siku yangu ya mapumziko ikanuka dengu za watu.

Fomu haijui slaidi. Slaidi haijui fomu.
Nikatafuta mshenga.
Mshenga asiyekaa kwenye jamvi, asiyedai kilemba,
anayejua maneno mawili tu: ikiwa, basi.
Ikiwa fomu imeingia, basi fungua kiolezo.
Ikiwa kiolezo kimefunguka, basi jaza.
Ukijaza, hifadhi. Ukihifadhi, tuma.
Ukituma, nyamaza.

Mara ya kwanza alileta slaidi tupu.
Mara ya nne alileta shule moja mara mia na tatu.
Nilimtukana kwa Kihispania na kwa Kireno cha bibi yangu.
Halafu Jumapili moja nikaenda kumtazama mpwa wangu akicheza mpira,
nikarudi na matope magotini,
nikazikuta: kumi na mbili,
zimejipanga, zimenawa uso.
Sikuzikagua. Nilikuwa nimefurahi mno.

Jumatatu. Hita inakohoa ukutani.
Slaidi ya kwanza hadi ya sita, hakuna aliyeinua macho.
Ya saba, mahali pa kichwa, kwa herufi nene za buluu:

“Lautaro wa darasa la tatu huomba sahani ya kupeleka nyumbani.
Nampa. Namhesabu mara mbili.
Zulma, jikoni.”

Chini yake, kwa adabu: wanafunzi 60, sahani 61.

Kidole changu kiliteleza, basi.
Nilichora mstari toka Maelezo hadi Kichwa,
na mshenga hachagui la kusema.
Naye Zulma aliandika pale kama mtu anavyokohoa chumba kitupu.
Nani husoma maelezo?

Techera alinigeukia, shingo nyekundu.
Berrutti akauliza hii ni takwimu gani.
Techera akainyoosha mkono panya ya kompyuta, apite haraka.
“Acha hapo,” alisema Bi Odila Ferreyra,
ambaye kwa miaka miwili sijamsikia akisema ila “naunga mkono.”
Pakakaa kimya. Kimya kirefu, hita tu.
Kisha ya nane: “Bomba limepasuka tangu Mei.”
Ya tisa haikuwa na kichwa. Mpishi wa tisa hakuwa na neno,
au hakuwa na imani.

Jioni nilimpigia Zulma kumwomba radhi.
Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.
“Waliisoma kwa sauti?” akauliza.
Nikamwambia hapana, kimoyomoyo, lakini wote.
“Haya,” akasema, na nikasikia sufuria.

Sijui watamfanya nini. Barua haijatoka.

Nimeufungua mtiririko mbele yangu.
Mstari bado upo, toka Maelezo hadi Kichwa,
na kitufe cha kufuta kiko karibu na kidole.
Nimeongeza hatua moja badala yake:
ikiwa kuna maelezo, basi subiri,
yapite kwangu kwanza.
Jina la mtoto nalitoa. Sahani naiacha.

Kwa hiyo Jumapili zimerudi kuwa za kazi.
Usiku huu yamefika kumi na moja.
La shule ya tisa ni neno moja,
nalo nimelisoma mara tatu:
“Kumbe.”