Kura Tisa

Darasa la Tano B, hapa Buguruni.
Madawati tuliyageuza yakaelekea ukutani
kama watoto waliopewa adhabu.
Humo mimi hufundisha kujumlisha kwa kubadili;
siku ile nikavishwa kitambulisho, nikaitwa karani.

Usiku umeme ukakatika, tukahesabia tochi za simu.
Sizya, wakala wa upande ule,
Bi Zamoyoni, wakala wa upande huu,
sahani moja ya chipsi mayai, kijiti kimoja,
wakipokezana.
Kila karatasi niliiinua, wakaitazama, wakasema "Sawa"
kama waitikiao dua.

Mia mbili kumi na moja.
Mia moja themanini na saba.
Nne za yule ambaye hata wakala hakuleta.
Na tisa zilizoharibika.

Sita zilikuwa nyeupe pe,
zimekunjwa kwa adabu mara nne,
kama mtu aliyepita kusalimia tu, chai hataki.
Ya saba ilitiwa vema kila kisanduku:
huyo hataki ugomvi na jirani.
Ya nane, dole gumba limekaa juu ya mpaka.
Ya tisa iliandikwa pembeni, kwa kalamu iliyokwaruza:
*bomba la kwa Mpemba halitoi maji toka mfungo mosi.*

Bi Zamoyoni alicheka hadi akajishika kiuno.
Sizya akauliza, "Hii tunampa nani?"
Nikaipiga mstari. Imeharibika.
Sikuwaambia kwamba mwandiko ule naujua,
hiyo b yenye tumbo upande wa kushoto.
Niliisahihisha kwa wino mwekundu miaka kumi na mitatu nyuma,
na bado.

Fomu tukaibandika mlangoni kwa uji wa ngano,
saini tatu chini yake.

Siku ya tatu jiji likanyamaza.
Simu zikabaki saa tu, za kutazamia wakati.
Pale Sheli nilivuka barabara bila kugeuza shingo.
Dukani kwa Mangi mlango ulikuwa nusu,
na mkono ukitoka na unga, ukirudi na pesa.
Redioni wakasoma asilimia.

Asilimia sikuipenda tangu chuoni:
huwaondoa watu kwanza, ndipo ihesabu.
Nilikaa na penseli nikiitafuta mia nne kumi na moja yangu
ndani ya ile namba kubwa,
kama mtu atafutaye kikombe chake cha maji ndani ya pipa.
Wapo walioapa kwamba kweli. Wapo walioapa kwamba si kweli.
Mimi nilikuwa mlango mmoja tu.
Cha mlangoni pangu naweza kukiapia.
Cha mbele ya hapo nilikisikia kama wewe, redioni,
betri zikiisha.

Bi Zamoyoni alipita na kanga mpya ya ushindi.
Hakupiga kigelegele.
Aliinama kama anayefunga kiatu, na amevaa ndala,
akaniuliza, "Sizya umemwona?"

Shule imefunguliwa.
Mvua ya vuli imeilamba fomu; namba zimekwenda na maji,
saini zimeng'ang'ania.
Tunu, wa dawati la mbele, kanyoosha mkono:
"Mwalimu, iliyoharibika inajumlishwa?"
"Inaandikwa."
"Ndiyo, inaandikwa. Inajumlishwa?"
Nikamwambia afungue ukurasa wa arobaini.

Wino bado uko kidoleni.
Kucha inaota taratibu, inausukuma kuelekea ncha.
Wembe ninao.

Jana nilipita njia ya kwa Mpemba.
Madumu ya manjano yamepanga foleni, wenyewe hawapo.
Nikayahesabu, mazoea.
La kumi na nne limetoboka,
limezibwa kwa sabuni ya mche, nalo linangoja zamu.

Sweta la kijivu la Sizya aliliacha kwenye kiti.
Nimelifua,
kwa maji ya kununua.