Vidole Vitatu Kutoka Kiganjani

Bibi yake alifika na baridi ya Februari kwenye koti,
kwa basi la alfajiri kutoka Ashtarak,
na mfukoni, ndani ya soksi ya mtoto iliyopigwa fundo,
viini vichungu vya aprikoti. Sitini na viwili.
Alikuwa amevihesabu.
Jirani alimwambia: saba kwa siku, kabla ya chai,
na saratani itakimbia kama mbwa aliyemwagiwa maji.

Mimi nilisimama kati ya kitanda na dirisha, beseni mkononi.
Shoghik ana miaka saba. Alikuwa ametapika mara nne
tangu iingie dripu nyekundu,
ile anayoiita komamanga la uongo.
Nami, niseme kweli, niliinyooshea soksi mkono.
Mfa maji haachi kutapatapa,
na mama yake ana mikono mirefu zaidi.

Ndipo Daktari Zaruhi akaingia, akavuta kiti.
Hakuuliza nani katuruhusu.
Aliuliza, "Na nyumbani mnampa nini kingine?"
kwa sauti ya mtu anayeuliza kama nje kuna theluji.
Akageuza karatasi ya vipimo, akachora safu tatu mgongoni mwake.

Mnanaa, wa kunusa tu: ndiyo.
Tangawizi: ngoja, mfamasia aitazame kwanza.
Asali mbichi ya mjomba: ngoja, mpaka chembe nyeupe zirudi.
Chai ya yale maua ya manjano ya mlimani,
niliyokuwa nikiificha kwenye chupa: hapana.
Huifukuza dawa mwilini kabla haijamaliza kazi.
Nikatazama sakafu.
Siku tisa nilikuwa nimempa.
Akaiandika na hiyo tisa, bila kukunja uso.

Kisha soksi.
"Hivi vina sumu, mama. Kwa mtoto wa kilo kumi na tisa,
vichache vinatosha."

Haikanush hakubisha. Alisema tu, polepole:
"Mti huu ulitulisha mwaka wa giza,
mkate ulipokuwa ukipimwa kwa gramu.
Leo umekuwa adui?"

"Mti si adui. Lete tunda, lililopikwa laini.
Kiini kiache."

Husemwa mgonjwa haulizwi uji.
Siku hiyo mgonjwa aliulizwa.
Kwa midomo iliyojaa vidonda Shoghik akajibu
kwamba anataka mkono wa bibi,
ila usinuke vitunguu.

Muuguzi Satenik akamwonyesha:
vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja,
katikati ya kano mbili,
bonyeza, zungusha, fuata pumzi yake.
"Hili haliui saratani, sitawadanganya.
Kazi hiyo ni ya dripu.
Watoto wengine huwapunguzia kichefuchefu,
wengine wapi."
Bibi aliyekamua ng'ombe miaka hamsini
alikijua kidole gumba kuliko sisi sote.

Usiku ule mashine ililia mara mbili
na Shoghik akatapika mara mbili.
Si nne.
Sijui kama ni kidole, au sindano ya kuzuia,
au tumbo tu halikuwa na kitu cha kutoa.
Satenik aliandika "mbili," akaandika na saa.
Kitini, bibi alikuwa amelala ameketi,
kidole bado kikizunguka.

Sasa ni Aprili. Chembe nyeupe ni mia nne; tunangoja elfu.
Jana nilipokuwa nikifua lile koti
nikaikuta soksi, tupu, fundo limefunguliwa.
Alivipeleka wapi, hajasema, nami sijauliza.
Kimoja kilikuwa kimekwama kwenye ncha.
Nilikishika mpaka kikapata joto la mkono.
Kilikuwa kizuri, umbo la chozi, ngozi ya kahawia.
Nikakitupa.
Nikanawa mikono kwa sabuni, sekunde ishirini,
kama tulivyofundishwa,
nikarudi wodini.