Uzi Mnene

Kreti ilishushwa Tabora kwa makosa.
Jina liliandikwa ubavuni, mvua ya njiani ikalilamba,
ikabaki herufi moja na mkia wa nyingine.
Ikakaa miaka miwili stoo ya vifurushi,
kati ya baiskeli isiyo na tairi na magunia ya karanga,
mpaka stesheni masta akachoka kuikwepa
akaipiga mnada.

Baba alitoa mshahara wa mwezi mzima.
Mama hakusema neno siku tatu.
Ya nne akauliza: "Umetuletea maiti ya nani?"
Na kweli ilikuwa na shingo,
mabega, mbavu, tumbo,
na matundu mawili yaliyopinda kama ndoana.

Mihayo wa Isevya, baba yangu, alikuwa mgonga magurudumu.
Usiku treni ya Kigoma ikisimama kupumua
yeye hupita ubavuni mwake na taa na nyundo:
nge, zima.
Nge, zima.
Nge, zima.
Du.
Hapo huchuchumaa. Hapo pana ufa
ambao macho ya mhandisi yameupita mchana kutwa.
"Chuma hakisemi uongo," aliniambia,
"ila huongea na anayeinama."

Basi alipoigonga besi kwa kifundo cha kidole
alijua ilipobanduka kabla hajaifungua.
Gundi akaipika kwa kwato, nyumba ikanuka wiki nzima.
Kile kijiti cha ndani kinachobeba kifua kisibonyee
akakichonga kwa mninga, mara tano, mara sita,
akikisogeza kwa waya kupitia tundu
kama mtu anayetafuta jino la mtoto chini ya kitanda.
Nyuzi tatu zilikuwepo.
Wa nne, ule mnene, haukuwepo,
na duka la kuuuza halikuwepo Tabora, wala Mwanza.
Akafunga waya wa klachi ya pikipiki.

Shigela alikuwa na fidla.
Nkwabi na banjo aliyoivika ngozi ya mbuzi.
Na kaseti moja, aliyoiacha mwalimu wa hesabu
aliyedai kwamba milimani kwao majani ni ya buluu.
Hatukumbishia.
Muziki usio na ngoma!
Watu wa Isevya wakaguna: sasa nani atashika mguu?
Baba akashika.

Moja. Tatu.
Moja. Tatu.
Banjo inamwaga punje za mahindi juu ya bati,
fidla inalia, inacheka, inasahau ilikoanzia,
na yeye yuko nyuma, karibu na ukuta,
anatoa neno, ananyamaza,
anatoa neno, ananyamaza,
na kwenye kunyamaza kule wenzake wanaweka nyayo.

Noti zilibandikwa kwenye paji la Nkwabi.
Shigela alijaziwa mifuko.
Nikamwuliza Baba kama haimuumi.
Akasema, "Umewahi kuona mtu akiitunza reli?"

Mwaka huu waya ulikatika.
Nyundo za miaka thelathini zimemla Baba masikio,
ukitaka akusikie unamwandikia.
Nikaagiza uzi halisi kutoka Dar,
ukaja na basi, umejikunja ndani ya bahasha ya kaki,
bei yake mbuzi wawili.
Nikaufunga, nikaukaza, nikaupiga:
sauti safi, nene, kama maji kwenye pipa jipya.
Baba akaweka kiganja ubavuni mwa besi,
kisha kidevu begani kwake,
akafumba macho.

Nilingoja aseme zima.

"Unapita tu," akasema. "Haushuki."
Akakitazama kipande cha waya sakafuni,
kutu yake, nyuzi zake zilizochanuka.

Ndiyo maana niko hapa Cheyo, juani,
mbele ya fundi mwenye mafuta hadi viwikoni,
nataka waya wa klachi, mrefu, uliotumika.
"Pikipiki aina gani, dada?"
Namwonyesha kwa mikono:
kimo changu,
na mabega kidogo.